Muulize Kocha: Nina miaka 29, je, nimechelewa kuishi kwa triathloni?

*Shikamoo kocha. Naishi Mwanza, nina miaka 29, nimeajiriwa kwenye mradi wa maji vijijini. Kuogelea nilijua tangu utotoni kwa sababu nyumbani ni kando ya ziwa. Nakimbia pia, na nusu marathoni ya Kilimanjaro niliimaliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Baiskeli nimeanza karibuni, nimenunua ya mtumba yenye gia. Nimesoma kwamba kuna watu ambao kazi yao ni triathloni ya masafa marefu: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima, yote siku moja. Wanaishije hawa? Na kwa umri wangu, niache kazi nijaribu au nimeshachelewa?*
*Msomaji, Mwanza*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeirudia, kwa sababu kuna mwanamke wa Uingereza ambaye alipokuwa na umri wako maisha yake yalifanana na yako kwa namna ya kushangaza. Anaitwa Chrissie Wellington. Alizaliwa 1977, akakulia kijiji cha Feltwell huko Norfolk, akasoma jiografia Birmingham na baadaye shahada ya pili ya masuala ya maendeleo Manchester. Aliajiriwa kwenye wizara ya mazingira ya nchi yake, na mwaka 2004 akaenda Kathmandu, Nepal, kufanya kazi na shirika la wenyeji kwenye miradi ya maji na vyoo. Alirudi Uingereza mwaka 2006. Februari 2007, mwezi aliotimiza miaka 30, aliacha ajira ya serikali akawa mwanariadha wa kulipwa. Oktoba mwaka huohuo alishinda ubingwa wa dunia wa Ironman, mashindano ya masafa hayohayo uliyoyataja, kule Kona, Hawaii, kwa saa 9, dakika 8 na sekunde 45. Kabla ya siku ile, wengi ndani ya mchezo wenyewe hawakuwa wanalijua jina lake.

Kwa hiyo suala la umri nimelimaliza. Kati ya yote uliyoyataja, ndilo dogo kuliko mengine. Misuli inayohitajika kwa mwendo wa saa nane au tisa hukomaa polepole, na katika masafa haya mabingwa wengi wanashinda wakiwa wameshavuka miaka 30.

Ila usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi. Watu wanaosimulia habari za Chrissie huruka sehemu ambayo mimi, kama mtu wa bwawa la kuogelea, naiona ndiyo yenyewe. Aliogelea tangu mtoto. Mwaka 2002 alikimbia marathoni ya London kwa saa 3 na dakika 8, akiwa mfanyakazi wa ofisini tu. Nepal alikuwa akiamka alfajiri kupanda baiskeli kwenye milima inayozunguka Kathmandu, mji ambao wenyewe uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kabla ya kwenda kazini. Aliwahi kuendesha baiskeli na wenzake kutoka Lhasa hadi Kathmandu, kuvuka Himalaya. Miaka yote hiyo mwili ulikuwa unajengwa bila mwenyewe kuiita kazi. Septemba 2006 akashinda ubingwa wa dunia wa wasiolipwa kule Lausanne, Uswisi. Baada ya hapo akaenda kwa kocha mmoja milimani Leysin, hukohuko Uswisi, ampime, ndipo akaaga ofisini. Hakuacha mshahara mpaka watu wanaojua mchezo walipokwisha kumwona, na saa kumpima.

Na wewe fanya hivyohivyo. Una kitu kimoja ambacho mtu mzima hakinunui kwa pesa: maji umeyazoea tangu udogoni. Hapa Dar es Salaam naletewa wakimbiaji wazuri waliojifunza kuogelea ukubwani. Miguu yao inazama, kichwa kinainuka kila wanapotafuta pumzi, na nusu ya nguvu ya kila mkono inaishia kuunyanyua mwili badala ya kuusukuma mbele. Wakitoka majini wameshachoka, na baiskeli ya kilomita 180 bado inawasubiri. Wewe huanzii huko.

Lakini ziwani kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya mazoezi vya Ulaya havikuambii, nalo ni kichocho. Ziwa Victoria linacho, na konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani. Usiingilie penye matete wala karibu na wanapofulia watu. Tafuta mashua ikutoe mbali kidogo, au penye mawe na maji yanayosukumwa na mawimbi, na uwaulize wavuvi habari za mamba kabla ya yote. Hata hivyo kapime hospitali mara kwa mara; dawa yake, praziquantel, inapatikana na inafanya kazi. Nimeona watu wakilaumu mazoezi kwa uchovu usioisha, kumbe ni ugonjwa. Wala usiogelee peke yako hata siku moja.

Sasa pesa, maana umeuliza wanaishije. Vyanzo ni vitatu: zawadi za mashindano, wadhamini, na kazi za pembeni kama kufundisha, kuzungumza kwenye mikutano au kutengeneza video. Bingwa wa dunia wa Ironman hupata dola 125,000. Mwaka 2024 Ironman walianzisha mfululizo wa mashindano ya wanaolipwa wenye fungu la nyongeza la dola milioni 1.7, ambapo mshindi wa jumla upande wa wanawake na wa wanaume kila mmoja alichukua dola 200,000. Kuna pia mfululizo wa T100, wa kuogelea kilomita 2, baiskeli 80 na kukimbia 18, ambao nao unalipa vizuri.

Usisimame kwenye namba hizo. Ukishuka nafasi chache chini ya mshindi, zawadi inapungua haraka sana, na kwenye mashindano madogo wa kumi anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu baada ya kujilipia nauli ya ndege, hoteli na mzigo wa baiskeli. Baiskeli za mbio wanazotumia wao zinazidi dola 10,000 kwa urahisi. Ukishinda Marekani, kwa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nao, kama sisi, asilimia 30 hukatwa kabla pesa haijakufikia. Na mwili haukupi mashindano mengi: mbio kamili za masafa haya tatu au nne kwa mwaka ni nyingi tayari. Ukiugua wiki ya mashindano, mshahara wa miezi minne umekwenda.

Ndiyo maana nakuomba uangalie siku mbaya za Chrissie kuliko siku nzuri. Mwaka 2008, Kona, akiwa anaongoza, tairi lake likapata pancha. Kule wapanda baiskeli hubeba vichupa vidogo vya gesi vya kujazia upepo. Akabadilisha tyubu, gesi ikavuja bila kuingia kwenye tairi. Akabaki amesimama kando ya barabara, katikati ya uwanda wa mawe meusi ya volkano, wapinzani wakimpita mmoja baada ya mwingine. Aliyemwokoa ni mpinzani, Rebekah Keat wa Australia, aliyempa kichupa chake akiwa anapita. Dakika kama kumi zilikuwa zimepotea. Akawafuata wote, akawapita, akashinda kwa saa 9:06:23. Mimi kila ninapolifikiria lile tukio namfikiria Rebekah. Alikuwa kwenye mashindano yaleyale, na kile kichupa angeweza kukihitaji mwenyewe kilomita mbili mbele.

Mwaka 2009 Chrissie akashinda tena kwa 8:54:02 na kuvunja rekodi ya Kona iliyokaa tangu 1992. Mwaka 2010 aliamka mgonjwa asubuhi ya mashindano na hakuanza kabisa. Ubingwa ukaenda kwa Mirinda Carfrae. Kuna watu walimsema sana siku ile. Mimi naona ule ndio uamuzi wa mtu anayeijua kazi yake. Mwaka 2011, wiki mbili kabla ya Kona, alianguka na baiskeli, ngozi ikachubuka vibaya, msuli wa kifua ukaumia. Majini siku ya mashindano alitoka nyuma sana kuliko kawaida yake. Akafukuza siku nzima na kumaliza wa kwanza kwa 8:55:08, Carfrae akiwa chini ya dakika tatu nyuma. Mwezi Julai mwaka huohuo, kule Roth, Ujerumani, alikuwa ameweka muda bora wa dunia wa masafa haya kwa wanawake, 8:18:13. Muda huo ulidumu mpaka 2023 Daniela Ryf wa Uswisi alipokimbia 8:08:21, na mwaka uliofuata Anne Haug wa Ujerumani akaushusha hadi 8:02:38, njia ileile ya Roth.

Alianza mbio kamili za masafa haya mara 13, akashinda zote 13. Lakini hesabu miaka: ushindi wa kwanza wa masafa haya ni Korea, Agosti 2007, wa mwisho ni Kona, Oktoba 2011. Desemba 2012 alitangaza kustaafu. Kazi nzima, ya mmoja wa wanariadha bora kabisa ambao mchezo huu umepata, ilikuwa miaka mitano hivi. Akarudi kwenye kazi za jamii: alijiunga na parkrun, wale wanaoandaa mbio za bure za kilomita tano kila Jumamosi, na alikuwa miongoni mwa wanawake walioshinikiza Tour de France iwafungulie wanawake mlango. Kisomo chake na ujuzi wake wa kazi za maendeleo vilikuwa vinamngoja. Kwa hiyo ujuzi wako wa miradi ya maji usiutupe. Utauhitaji ukiwa na miaka 36.

Ushauri wangu ni huu. Kazi usiache sasa. Zungumza na mkuu wako uone kama unaweza kupata saa mbili za asubuhi. Tafuta mtu anayejua baiskeli akurekebishie kiti na usukani, kwa sababu ya mtumba mara nyingi imepimwa kwa mwili wa mtu mwingine na magoti ndiyo yatalipa. Jifunze kuziba pancha mwenyewe mpaka uweze kufanya gizani. Kisha lenga Rubavu, Rwanda, kwenye Ziwa Kivu, ambako tangu 2022 kumefanyika mashindano ya nusu ya masafa: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Kutoka Mwanza unafika kwa basi. Kumbuka tu kwamba kwenye baiskeli hairuhusiwi kumfuata mwenzako kwa karibu ili akukatie upepo. Wasimamizi wa pikipiki wanaangalia, na adhabu ni kusimamishwa dakika kadhaa.

Ukimaliza pale mbele ya wanawake wa rika lako, tena si kwa bahati ya wachache kujiandikisha bali kwa muda unaoshindana na wa nchi nyingine, niandikie tena. Hapo tutazungumza habari za leseni ya kulipwa, ambayo huombwa kupitia shirikisho la mchezo la nchi, na habari za kutafuta mdhamini. Wanaolipwa wanafanya mazoezi saa 25 hadi 30 kwa wiki, na saa nyingine wanalala. Mtu wa kukubeba katika kipindi hicho lazima awe amepatikana kabla, awe mdhamini, mume, ndugu au akiba yako mwenyewe.

*Kocha, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 19, anafanya triathloni na kikundi hapa Arusha, na nia yake ni kwenda masafa marefu. Kocha wao amewaambia mwanariadha lazima awe mwepesi. Sasa chakula anakigusagusa tu, amepungua sana, na nimegundua hedhi yake haijaonekana tangu miezi kadhaa. Yeye anasema ni kawaida kwa wanariadha. Ni kweli?*
*Mama, Arusha*

Nzuri, mama mwenzangu. Si kweli, na mpeleke hospitali wiki hii, usisubiri toleo lijalo.

Hedhi kukatika kwa binti anayefanya mazoezi makali ni ishara kwamba mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayofanyishwa. Mwili unaanza kuzima vitu: uzazi kwanza, kisha mifupa inaacha kujengwa, kinga inashuka. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua rasmi hali hii, na ikasema inawapata wanaume pia. Miaka 19 ni umri ambao mifupa bado inaweka akiba ya maisha yote. Akiipoteza sasa, anaweza kuvunjika mguu kwa kukimbia tu, bila kuanguka.

Mwambie pia kwamba Chrissie Wellington niliyemweleza hapo juu amesema hadharani kwamba ujanani alipata ugonjwa wa kujinyima chakula na kujitapisha, na kwamba mafanikio yake yalikuja alipokula kama mtu anayefanya kazi ngumu. Katika masafa marefu kula ni sehemu ya mashindano yenyewe. Wanaolipwa wanaingiza gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa wakiwa juu ya baiskeli, wengine sasa wanafika 120. Gramu 90 ni kama ndizi mbivu tatu au nne kwa saa, saa baada ya saa, na tumbo lazima lizoezwe kulipokea hilo. Binti anayeogopa sahani ya ugali hatamaliza kilomita 180, achilia mbali marathoni inayofuata.

Kwa daktari taja yote mawili, mazoezi na hedhi, kwa sababu wengine hawaulizi. Nyumbani usimpigie kelele mbele ya sahani. Kula naye, na umpe nafasi ya kusema anachoogopa. Kocha mzungumzie wewe na baba yake, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno. Kocha anayepima wasichana kwa macho na kuwaambia wapungue, bila daktari wala mtaalamu wa lishe, anawaumiza. Asipokubali kubadilika, mtoeni kwenye kikundi hicho. Kuogelea, baiskeli na barabara havitakwenda popote.

*Bi kocha, tunabishana hapa Mombasa. Je, Mwafrika ameshawahi kushinda ile ya Hawaii? Na kama Wakenya wanatawala marathoni, mbona huko hatuwaoni?*
*Wabishi wa Likoni*

Ameshinda, tena kuliko mtu yeyote. Paula Newby-Fraser alizaliwa Harare mwaka 1962, wakati huo mji ukiitwa Salisbury, akakulia Afrika Kusini, na alishindana kwa jina la Zimbabwe kabla ya kuchukua uraia wa Marekani. Alishinda Hawaii mara nane kati ya 1986 na 1996. Hakuna mwanamke wala mwanamume aliyefikia idadi hiyo. Ile rekodi ya 1992 ambayo Chrissie alikuja kuivunja baada ya miaka 17 ilikuwa yake, 8:55:28. Mwaka 1995 mwili ulimgomea mita mia chache kabla ya mwisho wakati anaongoza. Akakaa chini, akavua viatu, Karen Smyers akampita na kuchukua ubingwa. Paula alipumzika pale barabarani mpaka alipoweza kusimama, akatembea peku hadi mstarini, wa nne. Mwaka uliofuata alirudi na kushinda ile ya nane.

Kuhusu Wakenya, sababu naiona kila siku kazini. Mkimbiaji wa Iten akipata viatu na nauli anaweza kwenda kwenye marathoni ya mji mkubwa na kurudi na pesa ya kununua shamba. Kwa nini aweke miaka mitano kujifunza kuogelea, anunue baiskeli ya bei ya gari, ili ashindanie zawadi za mchezo mwingine? Mbali na hilo, nyanda za juu zinazotoa wakimbiaji hazina mabwawa ya kutosha ya kuogelea, na yaliyopo mengi ni ya hoteli na shule za ada kubwa.

Nyinyi wa Likoni lakini bahari mnayo mlangoni. Watoto wenu wanapiga mbizi kutoka kwenye ngazi za feri tangu hawajaanza darasa la kwanza, hawaogopi maji hata kidogo. Wanachokosa ni mtu wa kuwafundisha kuweka kichwa chini, kuvuta mkono mrefu na kupumua pembeni bila kuinuka. Kama kuna mmoja wenu aliyewahi kuogelea mashindano ya shule, acheni ubishi Jumamosi moja, mtafute sehemu tulivu yenye ulinzi mbali na feri, mwanze na watoto kumi.